Abul-Wafa Al-Buzjani: Mwanachuoni wa Hisabu Aliyekaa na Mafundi

Wengi katika sisi tumezoea kudhani ya kuwa hisabu ni elimu ya vitabuni tu, na kwamba kazi ya mikono ni ya watu wasiosoma. Lakini mtu apitaye katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, akasimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi, akaangalia jinsi maua na duara zilivyopangwa hata zisizidi wala zisipungue, atajua kwamba fundi aliyeuchonga alipima kabla ya kushika patasi. Na mwanamke asukaye ukili wa miyaa hana budi kuhisabu. Akikosea mmoja, umbo lote hupotoka. Kwa sababu hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mwanachuoni aliyekuwa bingwa wa hisabu katika zama zake, na juu ya hayo hakuona haya kukaa na maseremala na wajenzi akasikiliza mashaka yao.

Jina lake ni Abul-Wafa Muhammad bin Muhammad Al-Buzjani. Alizaliwa mwezi wa Ramadhani mwaka 328 Hijria, nao ni mwaka 940 Miladia, katika mji mdogo wa Buzjan, nchi ya Khurasan, mahali ambapo leo ni katika Iran. Hisabu alisomeshwa na jamaa zake mwenyewe, ami yake na mjomba wake. Alipopata miaka kumi na tisa, mwaka 959, alihamia Baghdad, akakaa huko mpaka mwisho wa umri wake. Wakati huo makhalifa wa Bani Abbas walikuwa wamebaki na jina tu, na amri ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Bani Buwaihi. Lakini wafalme hao, pamoja na vita vyao, waliwakirimu watu wa elimu.

Baina ya mwaka 961 na 976 aliandika kitabu cha hisabu kwa ajili ya makarani na watoza kodi. Ndani yake hakutumia tarakimu. Hisabu zote aliziandika kwa maneno, kwani ndivyo makarani walivyozoea. Humo alieleza njia ya kuzidisha tatu kwa tano ambayo yataka kutoa tano katika tatu. Yaliyobaki aliyaita deni la mbili. Deni hilo alilizidisha kwa kumi, likawa deni la ishirini. Kisha akatazama tatu imepungukiwa na ngapi kufikia kumi, nazo ni saba, na tano imepungukiwa na ngapi, nazo ni tano. Saba mara tano ni thalathini na tano. Akalipa humo lile deni la ishirini, zikabaki kumi na tano. Wenye maduka wetu hawatastaajabu, maana deni kwao ni hisabu ya kila siku. Lakini wanahisabu wa Ulaya walikaa karne nyingi baada yake wakizionea shaka namba zilizo chini ya sifuri.

Kitabu chake tukipendacho zaidi ni kile alichowaandikia mafundi, kueleza mambo ya handasa wanayoyahitaji katika kazi zao. Ameeleza humo kwamba alihudhuria mabaraza ya Baghdad ambamo mafundi na wanahandasa walikutana, na siku moja pakaulizwa swali hili: mtu ana vigae vitatu vya mraba vilivyo sawa; atavikatakataje apate mraba mmoja mkubwa, bila ya kutupa hata kipande? Wanahandasa walijibu upesi kwa kuchora mstari wenye urefu utakiwao, wakaona wamekwisha. Lakini fundi mstari wamfaa nini? Yeye ataka kujua msumeno upite wapi. Mafundi nao walikuwa na njia zao, na njia mojawapo ilionekana nzuri kwa macho. Abul-Wafa aliipima akaiona ni batili, kwa kuwa ubavu wa mraba wao ulikuwa sawa na ubavu wa kigae kimoja pamoja na nusu ya ulalo wake. Kama kigae ni futi moja, ubavu huo ni inchi 20 na nusu hivi, na ubavu wa haki ni inchi 20 na robo tatu na kidogo. Tofauti hiyo jicho haliioni, hasa jicho la mtu apendaye kazi iishe.

Kisha akawaonyesha njia iliyo sahihi. Vigae viwili hukatwa kila kimoja kutoka pembe hata pembe, zikapatikana pembetatu nne. Kigae cha tatu huwekwa kati kikiwa kizima. Kila pembetatu huwekwa ubavuni mwake, upande wake mrefu ukilala juu ya ubavu wa kigae, na ncha yake kali ikianzia penye pembe ya kigae. Zote nne zizunguke kwa mwendo mmoja. Halafu hupigwa mistari minne kuunganisha zile pembe za mraba za pembetatu. Vipande vinne vidogo vitatokeza nje ya mistari, na mapengo manne yatabaki ndani, na kila kipande huingia katika pengo lake barabara. Msomaji na akate karatasi ajionee mwenyewe. Twaona fadhila ya mtu huyu ni hapo: alimsahihisha fundi bila ya kumdharau, na aliwaona wanahandasa wenzake kuwa wamejibu swali lisiloulizwa.

Na mambo haya ya kujaza sakafu yana siri yake. Ukitaka kutandika vigae vya umbo moja, vyenye mbavu sawa na pembe sawa, pasibaki nafasi, yakufaa maumbo matatu tu: pembetatu, mraba, na umbo la pembe sita. Nyuki ameshika la pembe sita katika sega lake. Umbo la pembe tano halikubali, kwani kila pembe yake ni daraja 108. Tatu zikikutana ni 324, na mzunguko wataka 360. Hata hivyo pembe tano si haba katika maumbile. Kiti cha pweza tumwonaye pwani maji yakitoka ana mikono mitano. Abul-Wafa aliwafundisha mafundi kulichora umbo hilo kwa bikari isiyobadilishwa upana wake.

Katika falaki alitengeneza majedwali ya pembe yaliyokuwa sahihi hata tarakimu nane baada ya nukta. Mwaka 997 yeye akiwa Baghdad, na kijana Al-Biruni akiwa Kath katika Khwarazm, waliafikiana kuutazama mwezi ukipatwa usiku mmoja. Saa zao zilipishana kwa kadiri ya saa moja, na kwa kuwa dunia huzunguka daraja 15 kila saa, wakajua umbali baina ya miji yao kutoka magharibi hata mashariki. Elimu ya namna hii ndiyo iwezeshayo kuijua kibla kwa hisabu. Sisi wa Mombasa tumepewa wepesi: mji wetu na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja, zikipishana kama sehemu ya sita ya daraja, basi kibla chetu ni kaskazini hasa, na wazee wetu waliziita pande hizo mbili kwa jina moja.

Alifariki Baghdad mwaka 998. Karne ya kumi na tisa walitokea wataalamu wa Ufaransa waliodai kwamba yeye ndiye wa kwanza kugundua mabadiliko fulani ya mwendo wa mwezi, kabla ya Tycho Brahe. Ubishi ulidumu miaka mingi, hata mwaka 1892 ikabainishwa kwamba dai hilo halikusimama. Hatuoni haja ya kulishikilia. Mtu aliyevipima vigae vya mafundi kwa robo ya inchi hahitaji kuongezewa asichokuwa nacho. Mwaka 1970 shimo moja kubwa la mwezini lilipewa jina lake. Liko upande wa mwezi usioelekea duniani, kwa hiyo hakuna alionaye kutoka hapa.