Ibn al-Haytham: Aliyeugawa Mwendo Sehemu Mbili

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, fizikia niliiacha sekondari. Lakini muhula huu nimemwona mwenzangu wa chumbani akikesha na maswali ya mwendo: mpira umepigwa kwa kasi fulani na kwa pembe fulani, utakaa hewani muda gani, na utaanguka wapi? Usiku mmoja aliniuliza kwa utani kama katika vitabu vyangu kuna chochote cha kumsaidia. Nilimjibu kwa kumsimulia maisha ya Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, na leo nawasimulia nanyi.

Nina sababu yangu pia. Kwetu ni Mucojo, pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kabla ya shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, walikuwapo vijana katika mkoa wetu waliowaambia watu kwamba si halali Mwislamu kumpeleka mwanawe shule ya serikali. Vita vilivyofuata vilifika hadi Mucojo, na watu wetu wengi wakakimbia makwao. Tangu hapo, nikisikia mtu anasema elimu fulani si yetu, silipuuzi neno hilo.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu na mwaka 965, sawa na 354 Hijria. Sifa yake katika hesabu ilifika Misri, kwa khalifa wa Kifatimi al-Hakim. Wanahistoria wa Kiislamu, akiwemo al-Qifti, wanasimulia kwamba alidai angekuwa Misri angeweza kuyatawala maji ya mto Nile, yawafae watu wakati wa mafuriko na wakati wa ukame. Khalifa akamwita, akampa mafundi na mali, akamtuma kusini.

Njiani aliyatazama majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa kwa ustadi mkubwa. Akajiambia kwamba watu wenye elimu kama ile, lau kazi hii ingewezekana, wangeifanya. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan, akaona kwa macho yake kwamba mpango wake haufai. Akarudi Kairo na kukiri mbele ya mtawala kwamba alikosea.

Al-Hakim alikuwa mtu wa kuogopwa. Alimpa Ibn al-Haytham kazi ya ofisini, lakini yeye hakuwa na amani. Husimuliwa kwamba alijifanya mwendawazimu ili aokoe nafsi yake, mali yake ikachukuliwa, naye akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Wanahistoria wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya Kitab al-Manazir, kitabu chake cha mwanga na kuona chenye juzuu saba, iliandikwa katika miaka hiyo.

Humo ndimo nilimopata jibu la mwenzangu. Ibn al-Haytham alitaka kueleza kwa nini mwanga ukigonga kioo hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Akatumia mfano wa mpira mdogo wa chuma unaogonga kitu kigumu. Mpira ukija kimshazari, alisema, tuuhesabu mwendo wake kuwa miendo miwili: mmoja unaelekea ukutani moja kwa moja, wa pili unaambaa na ukuta. Ukuta unauzuia ule wa kwanza tu na kuurudisha nyuma. Ule wa pili haukuguswa, kwa hiyo unaendelea kama ulivyokuwa. Ukiunganisha miwili hiyo tena, mpira unaondoka kwa pembe ileile uliyojia, upande wa pili.

Wavuvi wa kwetu wanalijua jambo hili bila kalamu. Nahodha anayevuka kwenda kisiwani haelekezi omo kisiwani penyewe kama mkondo ni mkali. Chombo kinakwenda mbele kwa tanga, na wakati huohuo maji yanakisukuma ubavuni. Mwendo mmoja hauufuti mwingine, kwa hiyo nahodha lazima aihesabu yote miwili, na ndiyo maana huelekea juu ya mkondo kidogo.

Sasa turudi kwenye mpira wa mwenzangu. Umepigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka ardhini. Gawa kasi hiyo: ya kwenda juu ni mita 10 kwa sekunde, ya kwenda mbele ni kama mita 17.3 kwa sekunde. Mvutano wa dunia unaigusa ile ya juu peke yake, na kuipunguza kwa karibu mita 10 kwa sekunde kila sekunde moja. Basi mpira unapanda kwa sekunde 1 na kushuka kwa sekunde 1. Tukiacha upinzani wa hewa, ile ya mbele haikuguswa na kitu. Kwa sekunde 2 mpira umekwenda karibu mita 34.6. Swali lililomkesha limekwisha kwa mistari minne.

Tusimzidishie, lakini. Umbo kamili la njia ya kitu kilichorushwa lilielezwa na Galileo katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, na Ibn al-Haytham hakulieleza. Kumpa kila mtu haki yake ni katika uadilifu. Ila ile hatua ya kwanza, ya kuugawa mwendo wa mshazari na kuitazama kila sehemu peke yake, yeye aliichukua miaka mia sita kabla.

Alipofunguliwa alikaa jirani na msikiti wa al-Azhar. Kila mwaka alinakili vitabu vya jiometri na falaki, kikiwemo cha Euclid, na kuviuza kwa dinari 150, akaishi kwa fedha hiyo. Aliandika kuhusu njia ya kupata kibla kwa hesabu. Aliandika pia kitabu cha kumpinga Batlamyus, bingwa wa falaki wa Wagiriki, akifundisha kwamba mwenye kuitafuta haki asiyameze maneno ya wakubwa, na aichunguze hata rai yake mwenyewe. Mtu aliyesimama mbele ya al-Hakim na kusema nimekosea alikuwa na haki ya kufundisha hivyo. Alifariki Kairo karibu na mwaka 1040.

Kitabu chake kilifasiriwa Kilatini na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Katika ulimwengu wa Kiislamu, Kamal al-Din al-Farisi alikifanyia sherehe na kuendelea nacho hadi kueleza upinde wa mvua. Mwaka 2015, UNESCO iliadhimisha miaka elfu moja ya kitabu hicho.

Ndugu yangu unayesoma fizikia, usione unakesha na elimu ya watu wengine. Na wewe mwenzangu wa masomo ya dini, akija mtu kukuambia kwamba hesabu na mwendo wa vitu havimhusu Mwislamu, mtajie mtu huyu aliyeihesabu kibla na mpira wa chuma kwa kalamu moja. Mtajie kwa upole, maana huenda anayekuambia hajawahi kusikia habari zake. Kwetu Mucojo wako watoto ambao shule zao zilifungwa kwa vita, na siku watakaporudi darasani natamani wasimuliwe habari hizi mapema.

Allah amrehemu Ibn al-Haytham, awarudishe watu wetu makwao kwa amani, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.