Mary Leakey: Alifukuzwa shule mara mbili, akaja kuipa Ngorongoro jina duniani

Ukitoka Karatu mjini, ukapita geti la Lodoare na kuzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea Serengeti, utafika njia panda ya Oldupai. Hapo imesimama sanamu kubwa ya mafuvu mawili. Watalii wanashuka, wanapiga picha, wanaendelea na safari.

Wachache wanajua kwamba fuvu mojawapo liligunduliwa na mwanamke ambaye hakuwahi kufaulu mtihani wowote wa shule.

Huyo ni Mary Leakey. Dunia inamkumbuka kwa alichofukua. Lakini alikojifunzia kufukua ni kwingine kabisa: ni kwenye michezo na baba yake, alipokuwa mtoto.

Baba, mtoto na rundo la kifusi

Mary alizaliwa London, Uingereza, Februari 6, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji. Kazi yake ilimruhusu kuhamahama, na familia ilitumia muda mwingi kusini mwa Ufaransa. Huko Mary hakuwa na ratiba ya darasa kama watoto wengine. Alikuwa na baba anayetembea naye, anayemwonyesha vitu na kumwacha aviokote.

Mwaka 1925, akiwa na miaka 12, familia ilifikia Les Eyzies, eneo lenye mapango waliyoishi watu wa kale. Kulikuwa na mtaalamu aliyekuwa akichimba hapo, akichukua vitu vizuri tu na vingine vyote kuvimwaga kwenye kifusi. Akawaruhusu Mary na baba yake wachokore hicho kifusi.

Kwa mtu mzima, lile lilikuwa jalala. Kwa Mary ilikuwa ni kama kutafuta hazina. Aliokota mawe yaliyochongwa na binadamu maelfu ya miaka iliyopita, akayapeleka nyumbani na kuanza kuyapanga: yenye ncha huku, ya kukwangulia kule, yenye makali marefu pembeni. Hakuna aliyempa kanuni. Alijitungia mwenyewe.

Mzazi akitazama haraka, anaona mtoto anachezea mawe. Kumbe pale mtoto analinganisha, anatenganisha, anahesabu, anakumbuka. Baada ya miaka mingi, kazi kubwa ya Mary Oldupai ikawa hiyo hiyo: kuyapanga mawe kwa aina zake.

Baba akafa, shule ikamshinda

Mwaka 1926 mambo yaligeuka. Baba alifariki kwa saratani, Mary akiwa na miaka 13. Mama yake, Cecilia, akarudi naye Uingereza na kumpeleka shule ya masista.

Haikuchukua muda. Mary aligoma kukariri mashairi mbele ya watu, akafukuzwa. Akapelekwa shule ya pili, huko akasababisha mlipuko kwenye maabara ya kemia. Akafukuzwa tena.

Kwa macho ya walimu, alikuwa mtoto aliyeshindikana. Mama yake alipoulizia nafasi Chuo Kikuu cha Oxford, alielezwa kwamba hata kuomba hakuna haja.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho shule haikumpa na isingeweza kumnyang'anya: mkono wa kuchora. Alikulia pembeni ya baba mchoraji, kalamu na karatasi vikawa sehemu ya michezo ya nyumbani. Akaanza kuhudhuria mihadhara ya akiolojia London bila kusomea cheti, akajitolea kwenye machimbo, na kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wataalamu. Michoro yake ilikuwa safi kiasi kwamba kazi zilianza kumfuata.

Mmoja wa waliomtafuta ni Louis Leakey, mtafiti aliyezaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903. Louis naye alikuwa na historia inayofanana. Alikua akicheza na watoto wa Kikuyu, akizungumza lugha yao, na utotoni alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo akiamini ni zana za kale. Alikuwa sahihi.

Penzi lao lilizua kelele, kwani Louis alikuwa na mke. Ndoa hiyo ilivunjika, na Desemba 1936 Louis na Mary wakaoana.

Oldupai, miaka ya vumbi

Mary alifika Oldupai kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Jina hilo linatokana na neno la Kimaasai la mkonge wa porini unaoota kwa wingi pale. Kwa zaidi ya miaka 20, walirudi na kuondoka. Fedha zilikuwa za kuungaunga, jua kali, na zana za mawe zilipatikana kwa wingi. Aliyezitengeneza ndiye aliyekosekana.

Julai 17, 1959, Louis alibaki kambini akiwa mgonjwa. Mary akatoka na mbwa wake. Kwenye mteremko mmoja aliona mfupa umechomoza. Alipofuta udongo, akaona meno.

Fuvu lenyewe lilikuwa limevunjikavunjika. Udongo ulichekechwa, vipande vikaunganishwa kimoja kimoja, kazi inayohitaji jicho lile lile lililozoea kuchambua kifusi Ufaransa. Likapewa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la zamani la pwani ya Afrika Mashariki. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Leo fuvu halisi lipo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Watoto wao, na kosa la wazazi

Mary na Louis walilea wavulana watatu: Jonathan, Richard na Philip. Hawakuachwa mbali na kazi. Walikwenda kambini, wakachezea udongo ule ule.

Richard alipokuwa na umri wa karibu miaka 6, huko Kanjera, Kenya, alikuwa akiwasumbua wazazi wakiwa kazini. Baba yake akamwambia akatafute mfupa wake mwenyewe. Mtoto akaenda kweli, akaanza kuchimbua, na akapata taya la nguruwe mkubwa wa kale aliyetoweka duniani.

Hapo wazazi wakafanya kosa ambalo wengi wanalifanya. Walipoona ni kitu cha maana, wakauchukua mchezo. Richard akasogezwa pembeni na akabaki na hasira. Hata hivyo, alikuja kuwa mmoja wa watafiti wakubwa wa mifupa ya kale.

Jonathan naye, akiwa kijana wa takriban miaka 20, mwaka 1960 aligundua Oldupai mabaki ya mtoto wa kale ambaye hakuwa wa jamii ya Zinj. Ugunduzi huo ulichangia kutambuliwa kwa Homo habilis mwaka 1964. Ndilo fuvu la pili pale njia panda.

Mchezo uliofungua Laetoli

Louis alifariki Oktoba 1, 1972. Mary akaendelea na kazi, safari hii akiangalia pia Laetoli, kusini mwa Oldupai.

Mwaka 1976, watafiti waliotembelea kambi yake walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka. Pua ikiwa karibu na ardhi, akaona alama za wanyama zilizoganda kwenye majivu ya volkano.

Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, wima, kama sisi. Umri wake ni takriban miaka milioni 3.66. Kati yake kuna nyayo kubwa na ndogo, zikienda upande mmoja.

Mary aliishi Oldupai hadi 1983, kisha akastaafu na kuhamia Nairobi. Alifariki Desemba 9, 1996, akiwa na miaka 83. Kabla ya hapo, mwaka 1981, Oxford ile ile iliyomwona hafai kuomba nafasi ilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Karatu ya leo inajifunza nini?

Hii haina maana kwamba shule haina kazi. Mary mwenyewe alilazimika kujifunza kwa wataalamu kwa miaka. Pia si kila baba ana nafasi ya kuzunguka Ufaransa na mwanawe. Mkulima wa vitunguu bonde la Eyasi na mama anayeuza genge Karatu wanarudi jioni wamechoka.

Lakini kile kilichomjenga Mary hakikununuliwa dukani. Ni mawe, ruhusa ya kuchafuka na mtu mzima wa kumsikiliza. Hivyo vipo Karatu, Endulen na Nainokanoka. Mtoto anayecheza mdako anahesabu na kupima mkono wake. Mtoto wa mfugaji anayepanga vijiwe kuwa boma, huyu ng'ombe, huyu ndama, anatenganisha aina kama Mary alivyofanya. Anayechora ardhini kwa kijiti anajiandaa kushika kalamu.

Kazi ya mzazi hapo ni ndogo. Kabla ya kuyatupa nje mawe yaliyojaa mfukoni mwa kaptula, muulize mtoto ameyapangaje na kwa nini. Msikilize hadi mwisho. Halafu usimnyang'anye mchezo wake, kama walivyomfanyia Richard.