Mama Kevina: Yatima Aliyekuwa Mama wa Wengi

Mama Kevina, yaani Teresa Kearney, alizaliwa Ireland mwaka 1875. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama alifariki binti akiwa na miaka 10. Bibi yake alimlea katika sala, naye akawa mwalimu, kisha sista. Mwaka 1903 alifika Nsambya, Kampala. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika huko Nkokonjeru, na mwaka 1934 kituo cha wagonjwa wa ukoma Buluba, mashariki ya Jinja. Alifariki mwaka 1957, akazikwa Nkokonjeru.

Kambini mwetu wako yatima wengi. Tusiwaite mzigo. Bibi mmoja alipokea yatima mmoja, na wagonjwa waliokimbiwa na jamaa zao wakapata mama.