Latreille, padri aliyeokolewa na mdudu

Wengi wetu tukiona nzi tunasema ni nzi tu, basi. Leo, ndugu msomaji, nakuletea habari za Mfaransa aliyekataa kusema hivyo, na tabia yake hiyo ikamtoa gerezani. Jina lake ni Pierre André Latreille.

Alizaliwa Novemba 29, 1762 katika mji wa Brive. Alikua bila wazazi, akasomeshwa na wafadhili, na mwaka 1786 akapata upadri. Lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, mapadri walitakiwa kula kiapo cha utii kwa serikali. Latreille hakula, na mwaka 1793 akafungwa Bordeaux. Daktari aliyekuja kukagua wafungwa alimkuta akimchunguza mdudu mdogo sakafuni. Padri akamweleza kuwa huyo ni mdudu wa nadra. Daktari akampeleka mdudu kwa Bory de Saint-Vincent, kijana wa miaka 15 aliyependa elimu ya viumbe na kuyajua maandishi ya Latreille. Kijana huyo akahangaika mpaka padri akaachiwa. Inaelezwa kuwa wafungwa wenzake walikufa muda mfupi baadaye.

Mdudu mwenyewe anaitwa Necrobia ruficollis. Ana rangi ya buluu inayong'aa na wekundu shingoni. Ndugu yake, Necrobia rufipes, anayeharibu samaki wakavu na mbata, anafanana naye sana, ila shingo yake haina wekundu huo. Tofauti ni ndogo namna hiyo.

Baada ya kutoka, Latreille alichapisha kitabu mwaka 1796, akiwapanga wadudu katika jamaa kwa kutazama viungo vingi kwa pamoja. Mwaka 1802 akawapa nzi majambazi jamaa yao, Asilidae. Nzi hawa huvizia juu ya kijiti, hukamata wadudu wengine wakiruka, huwachoma kwa mdomo na kuwafyonza. Utawatambua kwa bonde lililopo kati ya macho na ndevu zilizopo usoni.

Kuwajua kuwa ni majambazi ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumtenga mmoja na mwenzake, maana leo zinajulikana aina zaidi ya 7,000. Baadhi zinafanana mno, hata mtaalamu hulazimika kutazama kwa hadubini rangi ya vinyweleo vya miguu na viungo vya uzazi vya dume. Hapa Afrika wapo wa kundi la Hyperechia, wanaofanana na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mimi nakushauri uhesabu mabawa: nyuki ana manne, nzi ana mawili. Tena funza wa nzi hao hula watoto wa nyuki hao hao.

Latreille alianza kazi katika jumba la makumbusho la Paris mwaka 1798, akapanga wadudu wake kwa miaka mingi. Uprofesa aliupata mwaka 1830 tu, akiwa na miaka 67. Alifariki Februari 6, 1833, akazikwa Père Lachaise, na kaburini pake yule mdudu wa gerezani akakumbukwa pia.

Kwa maoni yangu, alistahili. Padri alimheshimu mdudu kwa kumjua kwa jina lake, naye mdudu akamlipa uhai.