Shekhar Mehta, bingwa wa Safari Rally: talanta ilikuwa yake, pesa zilitoka kwa wadhamini

KALEMIE – Hapa mjini, vijana wanaojua kuendesha pikipiki kwenye matope na mashimo hawakosi. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia mashine, vipuri na mafuta. Maisha ya Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda na kupata sifa Kenya, yanaonyesha uzito wa jambo hilo.

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945, katika ukoo tajiri wa Wahindi wenye mashamba makubwa nchini Uganda. Alianza mbio za magari akiwa kijana, na hakuwa na shida ya pesa. Lakini mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwafukuza Waasia. Mehta akahamia Kenya.

Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari Rally akiwa na gari aina ya Datsun 240Z. Ushindi ulipatikana kwa shida: yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa na adhabu sawa. Mehta akapewa kombe kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu.

Kisha alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mara zote tano aliendesha gari za kampuni moja, Nissan ya Japani, iliyokuwa ikitumia jina la Datsun. Pande zote mbili zilipata faida. Dereva alipewa gari, mafundi na vipuri. Kampuni ilipata tangazo lisilo na mfano. Mnunuzi aliyeona gari hiyo ikipita matope na mawe ya Afrika Mashariki bila kuvunjika hakuhitaji maneno mengi. Miaka ya 1980, kampuni ya sigara nayo ililipa ili Safari iitwe Marlboro Safari Rally.

Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya kwenye mbio za jangwani nchini Misri. Safari yake ya udereva ikaishia hapo. Hakuacha mchezo: aliingia katika uongozi wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, akasimamia tume ya ubingwa wa dunia wa rally.

Safari yenyewe ilipatwa na kile ambacho kila mchezo unaotegemea wadhamini huogopa. Pesa zilipungua, na baada ya mbio za 2002 ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60, kabla ya kuiona ikirudi. Ilirudi 2021, Naivasha, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Kenya.

Kwa vijana wa Tanganyika, somo si kusubiri tajiri aje. Mdhamini hatoi pesa kwa huruma. Anataka jina lake lionekane na bidhaa yake inunuliwe. Anayeandaa mashindano sherti aonyeshe tarehe isiyobadilika, barabara yenye usalama na hesabu zilizo wazi. Na asitegemee mfuko mmoja tu, kwa sababu siku mfuko huo ukifungwa, hata bingwa mara tano hawezi kuokoa mbio zake.