Abdullahi Qarshe: Mzaliwa wa Moshi Aliyeupa Wimbo wa Kisomali Udi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla huishi baina ya tungo za lugha mbili, ilhali aghalabu husomeshwa tungo za lugha moja tu. Makala haya yanamweleza Abdullahi Qarshe, anayetambuliwa kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali. Wengi wetu tunazijua nyimbo zake bila kujua kwamba alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka wa 1924.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Alipofariki, familia ilihamia Aden mwaka wa 1931. Katika bandari hiyo kijana Qarshe alisikia nyimbo za Kiarabu na kutazama filamu za Kihindi, akajiuliza ni vipi Wasomali, watu waliosifika kwa ushairi, hawana nyimbo zinazosindikizwa kwa ala za nyuzi. Akanunua udi, ambao Wasomali huuita kaban, na kuuficha. Kwa watu wa dini aliolelewa nao, ala ilikuwa dalili ya upotovu. Tusiharakishe kuwacheka. Rai hiyo ingalipo miongoni mwetu, na wenye kuishikilia huishikilia kwa dhati.

Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda Hargeisa, Somalia ya Waingereza. Wakati huo ulikuwa umezuka belwo, wimbo mfupi wa mapenzi ulioasisiwa na dereva wa lori, Abdi Sinimo. Kuusindikiza wimbo huo kwa udi kulikuwa na ugumu wake, nao unatuhusu sisi wanafunzi wa ushairi. Shairi letu la kimapokeo huhesabu mizani na kufunga vina. Utungo wa Kisomali hudai kila mshororo uwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile moja, na vipimo vyake hutegemea urefu na ufupi wa irabu. Mpigaji akimharakisha mwimbaji katika irabu ndefu, ameliharibu shairi lenyewe. Kwa hiyo udi sharti uandamane na sauti ya mwimbaji, ndani ya ngazi ya sauti tano, kisha ujitokeze pale anapovuta pumzi. Tena shingo ya udi haina vigawanyo kama ya gitaa. Ni sikio linalokionyesha kidole mahali pake.

Mwaka huo huo wa 1924 ndipo alipozaliwa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, bingwa wa gitaa. Konde alizoea kumtandikia mwimbaji sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, kwa namna ya jazi na rumba. Qarshe alimfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu, njia ya pili humpa mshairi heshima kubwa zaidi, ingawa wapenzi wa Konde watanipinga.

Wimbo wake wa kwanza, wa mwaka wa 1948, uliwahimiza watu waamke. Mwaka wa 1955 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kundi la Walaalo Hargeysa. Katika nyimbo za enzi hiyo mpenzi anayeliliwa mara nyingi alikuwa nchi, fumbo ambalo msomaji wa Kiswahili hatalishangaa.

Fumbo hilo liliigusa Garissa moja kwa moja. Qarshe ndiye aliyetunga wimbo wa kuisifu bendera ya Somalia, bendera yenye nyota ya pembe tano, na pembe mojawapo ilikuwa ya eneo letu, lililoitwa wakati huo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Vita vya Shifta vilipopiganwa, kuanzia mwaka wa 1963 hadi 1967, kuisifu nyota hiyo upande huu wa mpaka halikuwa jambo la burudani tu. Historia ya wimbo huo katika mkoa huu bado inasubiri mtafiti, na wazee wanaoweza kuhojiwa wanapungua.

Qarshe alifia London mwaka wa 1994, serikali ya Somalia ikiwa imekwisha kusambaratika. Wimbo wake wa bendera ulifanywa wimbo wa taifa mwaka wa 2012.