Pasteur na pombe ya bidon

Sisi wa Rubaya tunajua: kasiksi uliyonunua jioni katika bidon, kesho kutwa imegeuka siki, na feza imekufa. Aliyetafuta sababu yake ni Louis Pasteur, yule tunayemsikia tu juu ya chanjo ya mbwa wa kichaa.

Alizaliwa Dole, Ufaransa, mwaka 1822. Baba yake alikuwa fundi wa kulainisha ngozi. Mwaka 1868 kiharusi kilimlemaza upande wa kushoto, lakini kazi hakuacha. Vita ya 1870 ikafika, Wajerumani wakashinda, naye kwa hasira akataka Wafaransa wapike bia ya kupita yao. Kumbe yeye mwenyewe bia hakuipenda!

Mwaka 1871 akaenda London, akaangalia bia ya kiwanda kwa mikroskopi. Akaona chachu, na pamoja nayo vidudu vingine vilivyoingia kwa hewa na vyombo vichafu. Hivyo ndivyo vinaharibu. Ukipasha bia moto wa digrii 50 na zaidi katika chupa iliyofungwa, vinakufa. Kitabu chake juu ya bia kilitoka 1876.

Kasiksi yetu haipashwi moto, chachu yake iko hai, ndiyo maana bidon inavimba. Bidon iliyooshwa kwa maji ya moto na kujazwa mpaka juu inakaa kidogo. Iliyobaki nusu, hewa iko ndani, siki inakuja mbio.

Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895. Kaburi lake liko ndani ya Institut Pasteur, Paris.